Mzee Nyuma ya Shuka

Nikipita mbele ya simu ya mjukuu wangu, hata ikiwa imezimwa, nageuza uso. Yeye huiegemeza pale mezani inapochajiwa, na mimi huizunguka kwa mbali kama mtu anayemkwepa mkwewe njiani. Watu wa hapa kijijini kwetu, upande wa Kirongwe, wanajua sababu, ila kila mmoja anaijua kwa namna yake. Wapo wanaosema nilikutwa chini ya kitanda. Si kweli. Chini ya kitanda sikuingia, na mgongo wangu usingeniruhusu. Nilikuwa nyuma ya shuka. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe, ijapokuwa shule niliiacha darasa la tatu, mkono wangu mzito, na nikianza jambo huwa nalizunguka kwanza kabla ya kuliingia. Hilo la kuzunguka nalo limo katika aibu hii, mtaliona mbele.

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yangu. Mama yake yuko Dar es Salaam kwa mume wa pili, na huyu tumemlea mimi na bibi yake tangu anatambaa. Akasoma, akaenda chuo huko bara, akarudi na cheti cha huduma kwa wateja. Hakukaa sana bibi yake akafariki, tukabaki wawili ndani ya nyumba, mimi na presha yangu na yeye na cheti chake.

Kwa desturi yetu babu na mjukuu ni watani. Mimi namwita mke wangu asiyejua kukuna nazi. Yeye asubuhi huniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo babu," na nikishaitikia marahaba tu, anaongeza: "Kumbe bado upo? Nilidhani leo nimeamka mjane." Basi hapo tunacheka, anakaa kwenye kigoda, ananiuliza, "Haya, leo umeamka na nini?" Nami nasimulia. Nasimulia nilivyoota, kutoka ndoto naingia mashamba ya minazi ya zamani, nafika Kilindoni enzi tunapeleka mbata, yaani nazi zilizokaushwa, narudi kwa njia nyingine. Yeye yupo tu, anasikiliza, anaitikia "enhe." Watoto wengine wa siku hizi ukifungua mdomo wanatazama saa. Huyu wangu hatazami. Nilikuwa nikijisifia jambo hilo kwa wenzangu msikitini. Nilikuwa nikisema, mwenzenu nina msikilizaji.

Mwaka jana akaniambia ameitwa kwenye usaili. Kampuni moja ya huko Dar es Salaam ilitaka mtu wa kupokea simu na kujibu ujumbe wa wateja, na kazi yenyewe mtu anaifanya popote alipo, mradi awe na mtandao. Nikamuuliza atasafiri lini. Akasema hasafiri. Wao ndio watakuja, ndani ya simu.

"Waje hapa kwangu? Nyumba hii ambayo sijaipaka chokaa?"

"Hawaoni nyumba nzima babu. Wanaona nitakapokaa tu." Kisha akaacha kucheka. "Ila nikuambie kweli. Nimeomba kazi kwingi mpaka nimechoka. Hii nikiikosa, mimi nakwenda kwa mama Dar nikatafute chochote. Siwezi kubaki hapa tukazeeka wote wawili."

Nilikwenda uani nikasimamisha kifuo, kile chuma chetu kilichochongoka cha kutolea nazi makumbi, nikafua nazi ambazo hakuna aliyeziagiza. Mtu akiwa na jambo moyoni mikono lazima ishike kitu. Kazi yangu maisha yote imekuwa nazi. Nimezikwea, nimezifua, nimezianika, na sasa kwa kuwa ghala liliingiwa na mchwa, nalala nazo. Lundo la nazi zilizofuliwa liko chumbani kwangu, ukutani, mpaka usawa wa kifua. Wageni wakiuliza, nasema ni mke wangu wa pili.

Basi ikaja siku ya kutafuta pa kukaa. Alizunguka nyumba nzima ameinua simu juu kama anayetafuta pa kutundika taa. Sebuleni mtandao unakwenda na kurudi. Barazani upo, lakini na kelele zote zipo. Chumbani kwangu, karibu na dirisha, ukasimama imara.

"Mtandao huu nyumba nzima umekosa pa kulala, umekuja kulala kwako," akaniambia.

Akafagia. Akaleta meza, akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, akakaa uso uelekee dirishani apate mwanga. Nyuma yake kulikuwa na lundo langu na suruali zangu kwenye misumari, akaona haifai. Akachukua shuka jeupe la marehemu bibi yake, akalitundika kwenye boriti mpaka chini, likafunika vyote. Ukitazama kwenye simu, Wallahi, ungedhani yuko ofisini.

Tukafanya mazoezi. Akanikalisha mbele yake, akasema, "Wewe ndiye kampuni. Niulize."

Nikajikohoza. "Baba yako nani, na kwenu wapi?"

"Babu, hii si posa."

"Sasa nitajuaje wewe ni mtu wa namna gani?"

"Niulize ninaweza kufanya nini."

"Unajua kukuna nazi?"

Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akajifundisha peke yake. Mbele ya simu ile kuna kitobo kidogo sana juu ya kioo, hicho ndicho jicho lake. Alikuwa anakitazama kile kitobo, hapepesi, anasema maneno yake ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mimi nilimlea asimkodolee mtu mzima macho, na nilikuwa nikimkanya kwa jambo hilo tangu mdogo. Nikamwambia, "Hivyo ndivyo utakavyowatazama wakubwa zako?" Akanijibu, "Nikiangalia chini, babu, watadhani nasoma mahali, au naficha kitu. Huko kwao anayeangalia chini ndiye mwongo." Neno hili nililiona la ajabu. Nikaliacha lipite, halikupita.

Sharti kubwa, aliniambia, ni kuwa peke yake chumbani. Asiwepo mtu mwingine yeyote, maana wapo wanaomweka mtu wa kuwanong'oneza majibu. Siku yenyewe, saa nne asubuhi, mimi niende barazani kwa jirani, na nisirudi mpaka aniite. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo wote, nataka ijulikane hivyo.

Asubuhi ile akamfunga jogoo, akaenda kumwomba jirani asitwange. Jirani yetu ni mama mmoja mwenye maneno, mjane, hana ubaya ila ulimi wake haupumziki. Mimi nilikwenda barazani kwake mapema kama nilivyoagizwa. Akanitazama akasema:

"Kwa hiyo babu, mtoto wa kike yuko chumbani kwako, mlango umefungwa, anazungumza na wanaume wa Dar, na wewe umekuja kunywa uji kwangu. Haya, nyie mmeendelea."

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania, kwa kuwa alicheka na kuniongezea uji. Lakini mimi nilikulia nyumba ambayo hata bwana afya akija kupulizia dawa ya mbu, msichana haachwi naye ndani bila mtu mzima kukaa kwenye kona. Huyo mtu mzima hasemi kitu, anakaa tu, kuwepo kwake ndiyo kazi. Bibi yake angekuwepo, angekaa yeye. Nikajiambia, marehemu anaona. Nikajiambia nitaingia tu, nikae kimya, hakuna atakayejua, na heshima ya mtoto itakuwa imelindwa. Niliacha uji. Mjukuu alikuwa uani anajitia maji usoni. Nikaingia chumbani kwangu, nikapita nyuma ya shuka, nikakaa juu ya nazi, na fulana yangu na kikoi.

Yeye akaja, akafunga mlango, akakaa. Nikamsikia anasema bismillahi kwa sauti ndogo.

Sikuwaona hao watu, niliwasikia tu. Mmoja sauti ya mama mtu mzima, mwingine kijana wa kiume. Walianza Kiingereza, na mjukuu akawajibu, na mimi kule nyuma sielewi hata neno, lakini kifua kilinijaa. Mtoto aliyekuwa akiogopa kuku! Nilikuwa nimesahau hata kuwa nimejificha. Kisha yule mama akasema, sasa tuzungumze Kiswahili, wateja wetu wengi ndiyo lugha yao.

"Tupe mfano," akasema, "wa mteja mgumu uliyewahi kumhudumia, na ulimshughulikia vipi."

"Sijawahi kuajiriwa," mjukuu akasema. "Lakini naishi na babu yangu."

Wale wawili wakacheka kidogo. Nami nikatabasamu gizani kule, nikidhani ninasifiwa.

"Babu ana presha, na dawa hataki. Alikuwa anazificha, na nyingine nilimkuta anawapa kuku. Nikimwambia ameze, tunagombana mchana kutwa. Nikaja kugundua kwamba hataki kuamrishwa, anataka kusikilizwa. Basi kila asubuhi namuuliza ameamka na nini. Anasimulia. Hadithi zenyewe ni zile zile, nazijua zote, lakini simkatizi. Akichoka kusimulia moyo wake unakuwa laini, ndipo namuuliza, eti babu, ile dawa ni ipi, ya rangi gani, mimi nimesahau. Ananionyesha kama mwalimu. Akishaishika mkononi, anaimeza. Sijawahi kumwambia ameze tena."

Nilikuwa kama mtu aliyeangukiwa na mnazi wake mwenyewe, sijui niseme vipi. Kwa hiyo zile "enhe" zote! Kilindoni yote, mbata zote, ndoto zangu zote, kumbe ananisubiri nichoke, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Na mimi nikijisifu msikitini. Badala ya kukaa na aibu yangu kule nyuma, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mwongo huyo! Nameza mwenyewe, kwa hiari yangu!"

Nikataka kujirudisha nyuma, nazi zikachezacheza chini yangu, na moja ikachomoka, ikaviringika ikapita chini ya shuka, ikaenda kugonga mguu wa kiti chake, tok.

"Dada," yule mama akasema, "humo ndani kuna mtu?"

"Hapana," mjukuu wangu akajibu. "Niko peke yangu." Alisema kwa alivyojua. Bado alikuwa hajageuka. Nadhani alikuwa anajua tayari, lakini hakutaka kujua.

"Tumesikia mwanamume. Hebu zungusha simu."

Akainuka, akashika simu, akavuta shuka. Nami ndiye huyo, na fulana iliyotoboka kwapani, juu ya nazi kama kuku aliyeatamia. Kwenye kioo nikamwona mama wa miwani na kijana wa shati jeupe, midomo wazi. Halafu yule kijana, adabu ya kwao ilimzidi, akasema: "Shikamoo mzee."

Nikasema marahaba. Nimeitikia marahaba nyingi katika umri wangu, ile ndiyo iliyonichoma koo.

"Mzee, ulikuwa unamsomea majibu?"

"Kusoma? Mimi?" nikasema. "Mimi nasoma kwa kufuata kidole."

Mama wa miwani hakucheka. Akamwambia mjukuu, "Tutawasiliana," na kioo kikawa cheusi.

Nilingoja anipigie kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Alisema tu, "Babu, toka, nichukue shuka." Akalikunja vizuri, kona kwa kona, akaondoka nalo.

Tangu siku ile utani ukaisha. "Shikamoo babu." "Marahaba." Basi. Chakula ananiletea kwa mikono miwili, ananikirimu kama anavyokirimiwa mgeni wa mbali, na dawa ameiweka kwenye kisahani pembeni, haniulizi rangi. Mimi nilikuwa naimeza haraka haraka mbele yake, aone. Haoni, au anajifanya haoni. Hadithi nikaziacha. Ningesimulia kwa uso gani? Kila nikifungua mdomo nilijisikia kama maji yanayochemka. Akaanza kufua nguo zake na kuzipanga kwenye begi, na mama yake akawa anapiga simu kila jioni kuulizia anakuja lini.

Jirani alipopata habari alikuja mpaka mlangoni. "Nasikia umeitwa kazini, babu! Wamekupa cheo gani?" Kisha akaniona nilivyo, akarudi kwake. Nayo ikaniumiza zaidi, kwamba hata yule amenihurumia.

Siku kadhaa zikapita. Nilikuwa uani nafua nazi, mjukuu akatoka ameishika simu mbele yake. Hakuniangalia.

"Wanakutaka wewe," akasema.

Alikuwa mama wa miwani, na yule kijana pembeni yake. Nikajifuta mikono kwenye kikoi, nikaangalia chini, nikawaamkia hivyo hivyo nikitazama makumbi.

"Mzee wangu," yule mama akasema, "binti ametuandikia kwamba hakujua kama upo. Nataka kusikia kwako."

Hapo lile neno la mazoezi likanirudia: huko kwao anayeangalia chini ndiye mwongo. Nikainua kichwa. Nikakitafuta kile kitobo, nikakikazia macho, mimi mzee wa haya, namkodolea mke wa mtu nisiyemjua. Machozi yalinitoka, sijui ya jua sijui ya nini.

"Hakujua," nikasema. "Aliniambia niondoke, nikaondoka, nikarudi kwa siri."

"Kufanya nini?"

"Kumlinda."

"Kumlinda na nani?"

"Na nyinyi."

Kijana akaziba mdomo. Mama akasema taratibu, "Sisi tulikuwa Dar es Salaam, mzee."

"Ndiyo, nalijua. Lakini mlikuwa chumbani kwangu."

Mama akavua miwani. "Kuna jambo moja. Alitueleza habari ya dawa, na wewe ukasema ni mwongo. Mtu akitudanganya kwenye usaili hatumchukui. Sasa niambie wewe mwenyewe. Alidanganya?"

Mjukuu alikuwa amesimama pale pale ameishika simu. Nilikuwa namwona juu ya ukingo wa simu. Hakunikonyeza, hakuniomba. Na mimi nikaona kabisa kwamba kuna majibu mawili tu, moja linanibakisha mwanamume nyumbani kwangu, na lingine linambakisha yeye.

"Hakudanganya," nikasema. "Mwongo ni mimi. Nilizificha, kwenye mkeka, kwenye kifuu cha nazi. Kuku niliwapa, hata mmoja alikufa, sijui kama ni dawa au siku yake ilifika. Na hadithi zangu ni zile zile, ni kweli, kwa sababu ile presha yenyewe ilinianzia siku nilipokuwa natoka Kilindoni na mzigo wa mbata, ikawa jua kali, sasa pale njiani kulikuwa na..."

Nikajikuta nazunguka. Na yule mama, hakunikatiza. Alikuwa anatikisa kichwa pole pole, anaitikia "enhe," uso wake umetulia, na juu ya simu uso wa mjukuu wangu umetulia vile vile. Nikaiona hiyo kazi waziwazi, ikifanywa juu yangu mchana kweupe. Nikanyamaza katikati ya neno.

"Asante mzee," mama akasema. "Nimeelewa kazi aliyokuwa nayo."

Wakampangia siku nyingine amalizie usaili. Siku hiyo nilikaa barazani kwa jirani, mgongo nimeipa nyumba yangu, na uji nikaunywa mpaka chini. "Mbona leo hujajificha?" jirani akauliza. "Shuka limefuliwa?" Nikamwambia ndiyo, limefuliwa.

Kazi aliipata. Aliniambia akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kisha akaingia ndani akafungua begi na kurudisha nguo zake kwenye kamba. Nilisikia zipu. Sikujua kwamba zipu inaweza kumfanya mtu mzima akae chini.

Sasa chumba changu ndiyo ofisi. Nazi tumezihamishia sebuleni. Asubuhi ya kwanza ya kazi alikuja amevaa vile vidude vya masikioni shingoni, akasema shikamoo, nikasema marahaba, nikasubiri aende zake. Hakwenda.

"Kumbe bado upo?" akasema. Akavuta kigoda. "Haya, leo umeamka na nini?"

Nilijua. Niliijua mbinu yote, mwanzo wake na mwisho wake, na yeye anajua kwamba najua. Nikaangalia pembeni, nikaanza. Nilipofika njia ya Kilindoni akaniuliza dawa ni ya rangi gani, kasahau. Nikamwonyesha. Nikaimeza. Halafu nikanyamaza, kwa kuwa nilichokuwa nikihitajiwa nimekwisha kukifanya.

Hakuinuka. "Sasa malizia," akasema. "Pale njiani kulikuwa na nini?"

Nikamalizia. Kama na hilo nalo ni sehemu ya kazi yake, sikumuuliza.